"Chombo cha kuzama hakina usukani": Methali inayoua vijana wetu

Ifuatayo ni hotuba aliyoitoa fundi mkongwe wa vyombo vya uvuvi mbele ya vijana wa maskani moja ya Kunduchi, jijini Dar es Salaam. Fundi ameomba jina lake lisitajwe. Tunaichapa kama alivyoisema, kwa sababu wengi wanaoshinda vijiweni leo ndio mabaharia wa kesho.

 

Nimepewa nusu saa. Mimi si mwanasiasa, ni fundi. Nimezoea kusema na tezo na msumeno kuliko kusema na watu. Kwa hiyo msitegemee maneno matamu. Nimekuja kuwaeleza kwa nini vyombo vyetu vinazama, na nani anakula pesa ambazo zingevizuia visizame.

Najua wengi wenu hamkuzaliwa mnataka uvuvi. Mmemaliza shule, mmezunguka na bahasha ya vyeti mpaka imechakaa, mmeuza mitumba, mmefukuzwa na mgambo, mwisho mmeangukia pwani. Tajiri mwenye chombo anakwambia, "Kijana, panda, kesho tunatoka." Unapanda. Hukuuliza chombo kina miaka mingapi, wala kilipandishwa pwani lini. Njaa haina maswali. Leo nataka niwafundishe kuuliza.

MSIBA WA UBAO WA TATU

Nilipokuwa na miaka 19 nilikuwa baharia katika mashua ya tajiri mmoja wa hapa mjini. Tulikuwa sita. Ubao wa tatu kutoka mkukuni, upande wa kushoto, ulikuwa ukilia maji. Nahodha wetu alimwendea tajiri mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa, "Msimu huu kwanza, tutatengeneza baadaye." Mara ya pili akapewa pesa ya mfuko mmoja wa sementi. Tukaziba.

Usiku mmoja tulikuwa nje ya Mbudya, kusi imeanza kuvuma. Sementi ikabanduka kipande kizima, kama ganda la yai. Tulifua maji kwa ndoo mpaka mikono ikafa ganzi. Kulipokucha tulikuwa watano, tumeshikilia mlingoti na madumu. Yule wa sita alikuwa rafiki yangu, tulilala chumba kimoja.

Matangani mzee mmoja akasema, "Chombo cha kuzama hakina usukani." Watu wakaitikia kwa vichwa. Tajiri naye akaitikia, tena yeye alitikisa kichwa kuliko wote! Methali ile ilimsafisha pale pale, mbele ya mama wa marehemu.

Siku chache baadaye bahari ilitupa ubao ule ufukweni. Niliukata kwa msumeno. Nje ulikuwa mzima, una rangi, unapendeza. Ndani ulikuwa kama sega la nyuki. Siku ile ndiyo niliyoamua kuwa fundi, na siku ile niliacha kuiamini methali ile. Chombo kile usukani kilikuwa nao. Kilichokosa ni mtu wa kukitunza.

MDUDU HAULIZI KADI YA CHAMA

Mdudu aliyekula ubao ule ni yule funza wa baharini. Wataalamu wanasema si funza hasa, ni wa ukoo wa chaza na kome. Anaingia kwenye mbao akiwa mdogo sana, tundu lake ni kama ncha ya sindano. Akishaingia hatoki. Anakua humo humo, anachimba kufuata nyuzi za mti, na wewe ukitazama nje huoni kitu. Hana huruma na mvule, hana huruma na mwembe. Haulizi wewe ni wa chama gani.

Wazee wetu walimjua, na dawa yake waliijua. Chombo hupandishwa pwani wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Maji yakijaa kinasukumwa juu kabisa, kisha kinaachwa. Siku zinazofuata maji hayafiki tena pale, kwa hiyo unayo nafasi ya karibu wiki mbili mpaka bamvua jingine. Katika muda huo unakwangua magome na majani ya baharini, unaosha kwa maji baridi, unakausha, halafu unapitisha moto wa makuti chini ya chombo. Moto wa kubabua, si wa kuunguza. Joto na ukavu ndivyo vinavyomuua mdudu.

Baada ya hapo unapaka. Sehemu ya chini inayokaa majini hupakwa deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ili jua lisipasue mbao. Siku hizi zipo rangi za madukani za kuzuia magome na wadudu. Ukizimudu, ni nzuri. Lakini kama huzimudu usikae ukisubiri mfadhili. Makuti yapo, chokaa ipo, na mikono unayo.

Chombo kinachokaa majini mfululizo kinahitaji kazi hii mara kadhaa kwa mwaka, na kazi kubwa zaidi ifanywe wakati wa masika na kusi, bahari ikiwa chafu na safari zikiwa chache. Lakini tunafanya nini? Kusi ikivuma tunakaa kijiweni tunacheza bao, chombo kinaelea pale kinaliwa. Kaskazi ikiingia tunakurupuka, "Twende, samaki wapo!" Chombo kinakwenda, kimebeba watu na mdudu.

SEMENTI NI SANDA

Sasa nije kwenye kalafati, yaani ile kazi ya kuziba nafasi kati ya ubao na ubao. Inafanywa kwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, inashindiliwa kwa chembeu na nyundo ya mti. Ni kazi ya subira. Lazima kwanza utoe pamba ya zamani iliyooza. Ukishindilia mpya juu ya mbovu, umefunga jeraha lenye usaha. Na ukishindilia kwa nguvu za hasira unafungua mbao, unazidisha ugonjwa.

Ubao ni kitu chenye uhai hata baada ya mti kukatwa. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Chombo kikienda mawimbini mbao zake zinacheza kidogo. Pamba na mafuta vinacheza nazo, sementi haichezi, lami iliyokauka haichezi, na kipande cha bati kilichopigiliwa misumari hakichezi. Ndiyo maana nasema sementi katika chombo cha mbao ni sanda. Inakificha kifo mpaka siku ya kuzika.

Tazameni misumari nayo. Msumari mtupu wa chuma, ule wa kujengea nyumba, katika maji ya chumvi unageuka kutu, na kutu inaozesha ubao unaouzunguka. Tumieni misumari iliyopakwa zinki. Wala msichanganye shaba na chuma mahali pamoja ndani ya maji ya bahari, kwa sababu chuma kitaliwa haraka. Ukiona alama nyekundu inatiririka kutoka kichwa cha msumari, usipake rangi juu yake. Ng'oa, tazama.

Kipimo chake hakihitaji chuo kikuu. Chukua nyundo ndogo, gonga ubao mmoja mmoja. Mzima unalia kwa sauti kavu, mbovu unajibu kwa sauti ya mfu. Chukua ncha ya kisu, choma karibu na mkuku na kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Kisu kikizama kama kwenye papai, chombo hicho hakiendi popote.

FAIBA NAYO INAKUFA

Kuna wanaosema, "Mzee, hayo ya mbao yamepitwa na wakati, sasa ni faiba." Ni kweli, mdudu hali faiba. Na miaka hii serikali, bara na visiwani, zimekuwa zikitoa boti za faiba kwa wavuvi, nyingine kwa mkopo. Boti ikikabidhiwa kuna ngoma, kuna kamera, kuna mheshimiwa amevaa jaketi okozi kwa dakika tano. Sina ugomvi na boti. Ugomvi wangu ni na siku ya pili yake, wakati ngoma zimekwisha na hakuna anayeuliza: vipuri viko wapi? Fundi wa faiba katika kijiji hiki ni nani?

Faiba inakufa kwa njia yake. Ikigonga mwamba inapata ufa mdogo, maji yanaingia ndani ya tabaka zake. Kule nyuma panapofungwa mashine, ndani ya faiba mara nyingi mmefichwa ubao. Tundu la bolti lisipozibwa vizuri, ubao ule unaoza kimya kimya, na siku moja mashine inang'oka pamoja na mkia. Ukiitengeneza lazima paondolewe palipooza, pakaushwe kabisa, papigwe msasa, ndipo upake gundi na kitambaa kwa kupishana tabaka. Ukipaka juu ya unyevu umepaka hewa.

Na wapo mafundi wa mjini wanaokudanganya kwamba watachukua mashua yako nzee ya mbao, waivishe faiba nje, iwe mpya. Danganya toto! Faiba ya kawaida haishiki vizuri kwenye mbao zilizonyonya maji na mafuta ya papa kwa miaka ishirini. Itabanduka. Na kabla ya kubanduka itafungia unyevu ndani, mbao zioze ukiwa huzioni. Pesa ile nunua mbao mbili nzuri na lipa fundi wa mbao.

MASHINE KUBWA, AKILI NDOGO

Ndugu zangu, ugonjwa mwingine wa vijana ni mashine. Kijana akipata pesa kidogo, jambo la kwanza ni mashine ya farasi 40, afanane na boti za watalii. Nisikilizeni kwa makini, hapa ndipo pesa zenu zinapomwagika.

Chombo kizito cha mbao, chenye tumbo, hakipai juu ya maji kama boti ya watalii. Kinayakata maji kwa kuyasukuma. Chombo kama hicho kina kikomo cha mwendo, na kikomo hicho kinatokana na urefu wake. Mashua ya futi 20 mahali inapogusa maji, kikomo chake ni karibu maili 6 za baharini kwa saa. Mashine ndogo ya farasi 15, hata pungufu ya hapo, inatosha kukifikisha huko. Ukifunga 40 hupati mwendo mara tatu. Unapata wimbi kubwa nyuma, kelele, na bili ya petroli. Mashine ya mapigo mawili ya farasi 40 ikifunguliwa mpaka mwisho inaweza kula lita 15 hadi 20 kwa saa. Ya farasi 15 inakula kama lita 6 au 7. Tofauti hiyo ni unga wa watoto wako. Shirika la FAO lilichapisha kitabu cha kupunguza matumizi ya mafuta katika vyombo vidogo mwaka 2012, na ushauri wake wa kwanza ndio huo huo: punguza mwendo.

Tena mashine inatikisa. Chombo kilichoundwa kwa tanga hakikuundwa kwa mtikisiko ule. Misumari inalegea, kalafati inatoka. Kabla hujafunga mashine ongeza mataruma nyuma, imarisha ubao wa mkiani. Mageuzi ya chombo yanaanza na mbao, mashine inafuata. Pima na kimo: mashine za shingo fupi ni za mkia wa kama inchi 15, za shingo ndefu inchi 20. Ukikosea, pangaboi linakata hewa au mashine inaburuta maji.

Ukishaifunga, itunze. Ukirudi kutoka baharini izungushe kwa maji baridi, chumvi itoke kwenye mishipa yake. Ukiiwasha, tazama ule mkojo wa maji unaotoka pembeni. Usipotoka, zima hapo hapo, pampu ya maji imeziba au imekufa. Kagua oil ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kipande cha zinki kikiisha, badilisha, kipo pale kiliwe badala ya mashine. Kuchanganya oil na petroli fuata kitabu cha mashine yako. Nyingi za mapigo mawili ni lita 1 kwa lita 50, si kwa kukadiria na kizibo cha soda. Na tanga usilitupe! Siku mashine ikigoma, kitambaa kile ndicho kitakachokurudisha kwa mama yako.

FUNGU LA CHOMBO LINALIWA NA NANI?

Sasa nimefika kwenye kiini. Mtaniambia, "Mzee, yote hayo yanataka pesa." Ndiyo, na pesa zipo. Tatizo ni zinapokwenda.

Mnajua mgawo ulivyo. Samaki wakiuzwa yanatolewa mafuta, barafu na chambo. Kinachobaki kinagawanywa, na mara nyingi nusu inachukuliwa na chombo, nusu ni ya mabaharia. Nimesema inachukuliwa na chombo. Je, chombo kina mdomo? Kina tumbo? Fungu lile linaitwa la chombo, lakini linaingia mfukoni mwa tajiri na chombo hakioni hata kizibo cha sifa!

Sisemi tajiri asipate faida. Ameweka mtaji, apate. Ninachosema ni hesabu. Tuchukue mfano tu. Baada ya gharama imebaki sh. 200,000. Chombo 100,000, mabaharia 100,000. Katika ile 100,000 ya chombo, tenga 20,000 kila safari, iwekwe mahali pamoja, iandikwe kwenye daftari ambalo nahodha na baharia mmoja wanaliona. Safari 15 kwa mwezi ni sh. 300,000. Miezi sita ni 1,800,000. Kusi ikiingia una pesa ya mbao, pamba, misumari na fundi, bila kumpigia mtu magoti.

Tajiri atakwambia, "Hayo hayakuhusu, chombo ni changu." Mjibu kwa adabu, "Mzee, chombo ni chako, lakini roho iliyomo ni yangu." Baharia mmoja akisema hivyo atafukuzwa. Mabaharia wote wa ufukwe wakisema siku moja, atatafuta daftari. Na mkilipata daftari msiligeuze ulaji wenu. Nimeviona vikundi vya vijana vilivyopiga kelele juu ya tajiri, vikapata boti yao, ndani ya mwaka mmoja mweka hazina ana pikipiki mpya na boti iko juu ya mchanga haina mashine. Mwizi kijana ni mwizi tu.

Wenye vikundi, kumbukeni ipo ile asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vijana. Mikopo ile ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Mkiandika andiko lenu, msiombe boti na mashine peke yake. Andikeni na vipuri, andikeni na kupandisha chombo, andikeni na kijana mmoja wa kupelekwa kusoma ufundi. Chuo cha uvuvi kipo Mbegani, Bagamoyo, si mbali na hapa. Sisi mafundi wazee tunakufa na ujuzi wetu kwa sababu hakuna anayekuja kushika chembeu.

KABLA HUJAPANDA

Namalizia. Kabla hujaweka mguu chomboni, uliza mambo haya matano. Kilipandishwa pwani lini? Nani alikipiga kalafati, na kwa nini? Ndoo, kafi, nanga na tanga vipo? Majaketi okozi yapo kwa idadi ya watu? Na hali ya hewa imesikilizwa leo? Simu uliyonayo mfukoni kwa kutazama mpira inaweza kukupa na habari za upepo.

Na jambo la sita, la bei ya bure. Fungeni madumu matupu chini ya viti vya chombo, yamefungwa vizibo vizuri na kamba imara. Dumu moja la lita 20 linaweza kubeba karibu kilo 20 majini. Matano yanabeba kilo 100, zaidi ya mara mbili ya uzito wa mashine ya farasi 15. Chombo kikijaa maji kitabaki kikielea, nanyi mtakuwa na kitu cha kushikilia. Usiku ule nje ya Mbudya madumu yetu yalikuwa mawili, nasi tulikuwa sita.

Siku ya kuzama itakapofika kwa mapenzi ya Mungu, hatuna la kusema. Lakini Mungu hakuagiza sementi. Mtu aliagiza. Kwa hiyo mkisikia tena matangani mtu anasema chombo cha kuzama hakina usukani, msiitikie kwa vichwa. Mwulizeni kwa adabu, "Mzee, na fungu la chombo lilikwenda wapi?"

Kesho asubuhi nitakuwa pwani, kuna mashua ya kupandisha. Anayetaka kujifunza aje na mikono yake.